Barua ya Bibi Midoli

Mjukuu alisimama kabla hajaitwa.

"Kaa kwanza, mama, hata bahasha sijafungua," alisema mwalimu mstaafu, na sebule nzima ikacheka. Akakaa. Bahasha ile alikuwa ameisubiri miaka kumi na mmoja. Dakika mbili zisingemuua.

Watu walijaa mpaka barazani. Walikuja kumkumbuka Bibi Midoli, aliyeishi miaka tisini na mmoja na kumpa kila mtoto aliyezaliwa mjini mdoli wa kitambaa unaofanana naye. Si kufanana kwa kubahatisha. Ukizaliwa na masikio ya kuchungulia, na mdoli wako unachungulia. Leo kila mtu alikuja na wake. Mwenye bucha, mtu wa kilo mia na kumi, alikuwa ameupakata wa kwake kama mtoto wa jana.

"Una miaka hamsini na miwili huu, haujafumuka hata uzi," alitamba. "Ile ndiyo mikono!"

"Na hakuna aliyewahi kumwona akishona," alidakia jirani, nesi wa zamani. "Tangu tuko wasichana. Ukiingia tu, sindano chini. Anasema akitazamwa anajichoma."

Watu wakacheka tena. Mlangoni, mama mkubwa hakucheka. Alikuwa binti wa kwanza wa marehemu, na alihama mji huu miaka kumi na miwili iliyopita, ghafla, bila kumwambia mtu sababu. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kurudi.

Mjukuu alijiinamia, akitabasamu. Alikuwa na siri.

Alipokuwa na miaka ishirini, amepata nafasi chuo cha ushonaji, begi limeshafungwa, bibi alimwita chumba cha nyuma na kurudishia mlango.

"Mjukuu wangu, macho yameniaga. Naona ukungu tu. Mji ukijua, nitakuwa kikongwe wa kuonewa huruma. Nishonee wewe, kwa muda tu. Siku nikiondoka nitaacha barua isomwe mbele za watu, wajue ni mikono ya nani."

Nani angekataa? Begi likafunguliwa. Nafasi ya chuo akapewa mwingine.

Kazi waligawana. Bibi anakwenda kumpakata mtoto mchanga, anampapasa uso taratibu, akirudi anasimulia. "Pua yake inataka kupiga chafya halafu inasita. Kidevu cha mtu mbishi. Na chini ya sikio la kushoto ana baka dogo, jekundu kama nyanya." Mjukuu anakata, anajaza pamba, anashona. Mgeni akibisha hodi, anabaki chumbani kimya, na bibi anatoka na mdoli kwenda kupokea sifa.

Midoli mia mbili na ushee. Wachumba wawili walikuja, wakachoka kuambiwa "bibi ananihitaji", wakaoa kwingine. Mmoja alirudi baadaye na mtoto wake. Mdoli ule mjukuu aliushona akilia, ukatoka mzuri kuliko yote.

Lakini leo ndiyo leo. Mwalimu alichana bahasha.

"Kaandika mwenyewe mwezi uliopita," alisema kwa fahari, akiwaonyesha karatasi. "Hebu oneni mwandiko. Umenyooka kama reli."

Mjukuu hakuutazama mwandiko. Alikuwa akisubiri kusikia kitu kimoja tu.

"'Wapendwa wangu,'" mwalimu alisoma. "'Namshukuru Mungu kwa vidole alivyonipa...'"

Bibi alimshukuru mwenye duka la vitambaa. Alimshukuru fundi aliyemtengenezea kiti. Alimshukuru hata mbwa wa nesi, kwa kumsindikiza barabarani. Mjukuu alihesabu mistari iliyobaki kwa kuangalia kidole cha mwalimu. Mitatu. Miwili.

"'Na mjukuu wangu mpenzi, aliyenipikia uji na kunifulia. Mungu ambariki.' Basi, imeishia hapo."

Makofi yakalipuka. Mwenye bucha alifuta machozi kwa mdoli wake, akamwinamia mjukuu. "Usijidharau, dada. Uji nao ni kazi."

Mjukuu alinyanyuka akaenda chumba cha nyuma. Hakufika hata kwenye kiti. Aliegemea kabati la nyuzi akalia kama aliyepigwa. Mlango ukafunguka nyuma yake. Mama mkubwa.

"Unalilia nini, mwanangu?"

"Ni mimi, mama mkubwa!" Yakamtoka yote kwa mkupuo. "Midoli yote ya miaka hii nimeshona mimi. Bibi alikuwa haoni. Nikaacha chuo, nikaacha kila kitu. Aliniahidi barua!"

Mama mkubwa alirudisha mlango polepole. Akakaa juu ya gunia la pamba.

"Mimi nilishona miaka ishirini na tisa," alisema. "Na mimi niliahidiwa barua. Kabla yangu alishona mdogo wake bibi yako, mpaka akafa."

Mjukuu aliacha kulia. "Kwa hiyo macho yalianza kumsumbua tangu zamani hizo?"

"Nami niliamini hivyo. Mpaka siku nilipowahi kurudi kutoka sokoni, nikamkuta dirishani anasoma gazeti, yale maandishi madogo kabisa. Nikafunga mizigo. Sikusema kitu, ni mama yangu. Nilidhani nikiondoka, midoli itakwisha."

"Sasa alikuwa na shida gani?"

"Mama alikuwa anaona vizuri mpaka siku anakata roho, mwanangu," alisema mama mkubwa. "Alichokuwa hajui ni kushona."