Cha Buluu au cha Kijivu

Mume alikuwa akijaribu kigari cha mtoto katikati ya duka, na kila mzazi aliyepita alikuwa na lake la kusema.

"Hicho usinunue, baba," mama mmoja alimwambia. "Magurudumu yanang'oka mapema."

"Wangu amekitumia mpaka akaanza kutembea," mwingine akapinga. "Ila wauzaji wa hapa, mh! Ukinunua wanakuchekea, ukirudisha wanakununia."

Wakacheka wote.

Mkewe, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa amesimama penye soksi, kiganja kikiwa chini ya kitovu. Akabonyeza kidogo. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Mume wangu, njoo."

"Nakuja, mama kijacho. Kwanza niambie, cha buluu au cha kijivu?"

"Hajacheza tangu jana."

Yule aliyekisifu kigari akamwendea, akamwekea mkono tumboni bila hata kuomba ruhusa. Akauacha pale muda mrefu, kisha akauondoa taratibu.

"Nendeni hospitali," akasema. "Sasa hivi."

"Labda amelala tu," mume alisema, akiwatazama wale akina mama mmoja mmoja. "Si huwa wanalala?"