Kaka wa Majaribio

Kwenye kompyuta ya mezani, kaka yake alikuwa mtanashati, tabasamu limetulia. Kwenye simu alikuwa mfupi na mpana kama gunia la viazi. Kwenye kishikwambi shingo ilirefuka mpaka akafanana na korongo aliyeona samaki.

"Kasoro!" alisema Bi Kasoro, kwa raha.

Pale ofisini hakuna aliyemwita jina jingine. Kazi yake ilikuwa kuijaribu programu ya kuandikia kabla haijawafikia watu. Safari hii alijaribu jambo moja tu: ukiweka picha katikati ya maandishi, kisha ukaivuta pembe kuikuza au kuipunguza, je, itabaki na umbo lake kwenye kila aina ya mashine? Meneja alitaka jibu upesi.

Fundi aliyeiandika programu, mwanamke mpole, bado mgeni pale ofisini, ndiye aliyempa ushauri.

"Dada, usijaribie picha ya maua. Ua likipinda, nani atajua? Weka uso wa mtu unayemfahamu vizuri. Hata wa ndugu yako."

Bi Kasoro akaweka wa kaka yake. Hapo ndipo wazo lilipomjia.

Kaka huyo alikuwa anaikaribia arobaini, hana mke. Wachumba aliwahi kuwaleta nyumbani, na kila mmoja dada mtu alimpima kama apimavyo programu. Wa kwanza alicheka kwa sauti mno. Wa pili hakucheka kabisa. Wa tatu alikunywa chai kwa kelele. Wote walikwenda na maji. Tangu hapo kaka hakuleta mtu tena, na Mama akaacha kutaja habari za wajukuu. Kimya hicho kilimchoma Bi Kasoro kuliko alivyotaka kukiri.

Sasa huyu fundi! Alicheka kwa kiasi. Chai alikunywa kimya. Bi Kasoro alimtafuta kasoro asubuhi na jioni, akaikosa.

Basi kila fundi alipoziba tundu moja, Bi Kasoro alitoboa jingine.

"Simu imepona, lakini hebu njoo utazame kishikwambi. Pua ya kaka yangu imelala."

Fundi akaja na kiti chake, wakautazama ule uso pamoja, mabega yamegusana.

"Pua haina neno," fundi akasema. "Sikio ndilo limebanwa. La kushoto huwa limechomoza kidogo."

*Chambo kimeguswa*, Bi Kasoro akawaza.

"Umeliona, eh? Na ni mtu mtaratibu, huyu. Hajui hata kuinua sauti."

"Wenye masikio hayo hukoroma."

"Ee! Umejuaje?"

"Nabahatisha tu, dada."

Wakacheka mpaka meneja akachungulia.

Ikafika siku ambayo kaka alikuwa kaka kila mahali: kwenye simu, kwenye kishikwambi, kwenye kompyuta kubwa na ndogo, umkuze umpunguze. Bi Kasoro hakuwa na kasoro ya kusingizia. Akampigia kaka yake aje ofisini, eti walinganishe picha na mwenyewe.

Alikuja mchana, shati limenyooshwa pasi.

"Kaka, huyu ndiye aliyekunyoosha."

"Nashukuru sana," kaka akasema, akimpa fundi mkono kwa heshima zote, macho chini. Fundi naye akainama, haya zimemjaa.

Ghafla Bi Kasoro akakumbuka ana shughuli kwingine. Akatoka, akavuta mlango taratibu, akasimama kwenye korido na kumpigia mama yake.

"Mama, nimempatia kaka mke! Nimempima mwenyewe, kwa mikono yangu. Hana kasoro hata moja!"

Mama alishangilia hadi Bi Kasoro akaiondoa simu sikioni. Walipoagana, alijikuta anafuta machozi, na anacheka.

Ndani, simu ya fundi ikaita.

"Amenasa, mkwe wangu," ilisema sauti ya Mama. "Haya, mwambie mumeo aandae arusi ya pili, na hii tumwalike dada yake."