Mafuta ya Magoti

Kila asubuhi Kimya alimimina mafuta ya nazi kiganjani, akamkanda bibi yake magoti. Leo alikuwa ameshayamimina ndipo alipokumbuka kwamba bibi alifariki juzi.

Sebuleni, baba mkubwa alizima redio yake, akaanza mazoezi ya hotuba ya mazishi.

"Mama yetu aliishi miaka tisini, akalea watoto wanane kwa cherehani moja. Na maisha yake yote hakuwahi kulalamika."

"Umenena, kaka," shangazi alisema, akifuta macho. "Roho yake ilikuwa pamba."

Kimya alisimama mlangoni, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Na huyu naye ana neno?" shangazi akauliza. "Kasuku wetu asiyesema."

"Mwache. Ndiyo maana mama alimpenda, walifanana. Hakuwahi kulalamika, wala..."

"Alilalamika," Kimya akasema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Kila siku aliyalilia magoti yake, baba mkubwa, na wewe ulikuwa unaongeza sauti ya redio."