Shujaa Aliyechelewa

Barua ya penseli ilikuwa ya tano kutoka kwa mwandishi yuleyule, na Mama Barua aliisoma akiwa bado amesimama, mkoba begani.

"Kwako Kimulimuli. Jana nililala sakafuni nikasoma tena lile toleo la darajani. Majarida yako yote yamo kwenye boksi chini ya kitanda, lakini hilo ndilo nalirudia. Nataka kukuuliza kitu, usimwambie mtu. Yule mama wa mtoto aliyeanguka, alikusamehe?"

Karatasi ilikuwa imechanwa kutoka daftari la hesabu, lile la miraba. Haikuwa na jina wala anwani. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaketi. Hakulia. Kulia alikuwa ameacha, kama mtu aachavyo sukari: mwanzoni unaitamani, baadaye hata huikumbuki.

Kazi yake katika jarida lile la katuni ilikuwa kuwajibu wasomaji kwa niaba ya shujaa. Mchana Kimulimuli ni fundi wa majokofu. Mtu akiita kwa shida, popote alipo, kifua cha fundi kinawaka taa. Watoto waliuliza kama taa ile haimuunguzi shati. Waliuliza kama anaoga nayo. Zamani Mama Barua alikuwa akijibu huku anacheka peke yake hadi wenzake wanageuka. Siku hizi alijibu tu, na wasomaji hawakuona tofauti. Hata hilo jina la Mama Barua wenzake walimpa mwaka jana, badala ya lile la zamani, na yeye hakuuliza kwa nini.

Saa nne bosi aliwaita kwenye mkutano. Mtayarishaji wa filamu alikuwa amekuja. Kimulimuli alikuwa anaingia kwenye sinema.

"Mama Barua ndiye anayewajua wasomaji," bosi alisema. "Hebu mwambie mgeni wetu. Wanampendea nini hasa?"

"Wengine ile taa," alisema. "Wengine wanapenda kwamba akirudi nyumbani hana wa kumpokea, anakula mkate mkavu kama mtu yeyote. Lakini wale wanaoandika tena na tena, wanaandika kuhusu toleo la darajani."

"Lipi hilo?"

"Alipochelewa," alidakia mchoraji, ambaye ofisi nzima ilimwita Kalamu. "Mtoto anaita. Kimulimuli yuko chini ya jokofu la mteja, anajiambia, dakika mbili tu nimalize. Anafika, daraja tupu."

Mtayarishaji alicheka. "Hilo tunalitoa. Nani atatoka kwake kuja kumwona shujaa anachelewa? Kwenye filamu atamdaka mtoto hewani. Ukumbi utalipuka kwa makofi."

Bosi alimgeukia Mama Barua. "Unasemaje?"

"Mkilitoa hilo, mtabaki na mtu mwenye taa kifuani," alisema. "Wanampenda kwa sababu kesho yake aliamka, akavaa viatu, akaenda kazini. Kuna watu wanataka kujua aliwezaje."

Aliyasema kwa sauti ileile ambayo mtu angeomba dirisha lifunguliwe. Kalamu aliinamisha macho mezani. Bosi akakohoa.

"Dada yangu, filamu ni filamu," mtayarishaji alisema kwa upole, na mazungumzo yakahamia kwenye rangi ya vazi.

Aliporudi kwenye kiti chake, Mama Barua aliitoa ile barua mfukoni. Nne za mwanzo alikuwa amezijibu kwenye ukurasa wa wasomaji, kwa mistari miwili mitatu na utani kidogo, kama alivyowajibu wengine. Hii hakuona namna ya kuifanyia utani. Aliandika, akakata. Akaandika tena, akakata. Chakula cha mchana kilimpita. Saa tisa hivi aliandika kwa mkono, bila kunyanyua kalamu:

"Msomaji wangu. Alinisamehe siku ileile. Hakuniambia, kwa sababu kila alipofungua mdomo hakupata neno, nami nilikuwa siwezi kumtazama mtu usoni. Basi siku zikaenda. Zile dakika mbili, angekuwa yeye mahali pangu, naye angezichukua. Anajua hivyo. Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Wako, Kimulimuli."

Aliisoma mara moja tu. Akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akabana kwa kidole gumba.

Jioni dada wa mapokezi alipita na kapu lake kukusanya barua za posta. Aliigeuza ile bahasha huku na huku.

"Hii mbona haina anwani?"

"Ni ya yule wa penseli."

"Yule mtoto? Maskini, ananitia huruma na maswali yake. Sasa utampata wapi?"

"Nitampelekea mwenyewe."

"Jamani, Mama Barua! Wewe unawadekeza mno."

"Pengine," alisema, akaichukua bahasha yake.

Alitembea kwa miguu. Alipita duka la viatu, kinyozi, duka la dawa, bila kuona kitu. Kwenye ngazi za jengo alipumzika ghorofa ya pili kama mtu aliyebeba mzigo, ingawa mkononi alikuwa na bahasha tu. Juu, alitoa ufunguo, akafungua, akavua viatu mlangoni.

Mumewe alikuwa jikoni anaosha kikombe kimoja, na hakugeuka. Walikuwa hawajasemezana tangu walipotoka kumzika mtoto wao.

"Barua yako imejibiwa," alimwambia, akaiweka bahasha mezani.