Neno la Zahanati

"Hivi vidonge vya damu utavimeza ukitaka kubeba mimba tena," muuguzi alisema.

Hamdia alivirudisha mezani. "Nipe ya kichwa tu, sista. Mimi sizai tena."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Mara zote mbili ulisema imeharibika."

Kiswahili cha Hamdia kilikuwa cha kuuzia maziwa sokoni Garsen, na huko maziwa yaliyoharibika humwagwa. Mara ile ya pili hakulia. Alirudi nyumbani akamwambia mama mkwe amtafutie mumewe mke mwingine.

Muuguzi alimshika mkono. "Iliyoharibika ni mimba, mama. Si wewe. Kizazi chako ni kizima. Wengi hupoteza hata mbili, na baadaye huzaa."

Hamdia alikitazama kiganja chake, masizi ya kufukizia vibuyu vya maziwa yakiwa yamekaa kwenye mistari. Alivivuta tena vile vidonge vya damu.

Mama mkwe, aliyekuwa nje akiongea kwa simu na watu wa kijiji cha Bangale, alichungulia mlangoni. Uso wake ulikuwa umekunjuka.

"Wamekubali, mwanangu," alisema. "Ijumaa tunakwenda kumchukua mke mwenzio."