Moshi wa Chande

Mwanakheri aliingia msitu wa mjini na shoka na kibali cha kukata mti mmoja, apate kuni za kupikia arobaini ya mumewe, Chande, aliyeendesha lori miaka thelathini katika barabara ipitayo kando ya msitu huo. Alimkuta mpima miti akizungushia utepe wa kupimia mgunga ambao Mwanakheri aliruhusiwa kuukata.

“Mama, mti huu hula moshi wa magari.”

“Basi moshi wa mume wangu umeuvimbisha tumbo! Lori lake lilikohoa kuliko mwenyewe.”

Mpimaji alicheka. “Umo humu ndani, umegeuka shina. Ukiuchoma mti, moshi unarudi hewani.”

Mwanakheri aliutazama mgunga mpaka kileleni, mnene, mtulivu.

“Nitaazima jiko la gesi la msikitini,” alisema.

Akaliweka shoka chini, akashika gome kwa kiganja. Barabarani lori lilipita likikohoa, na majani yakatikisika.