Mstari Uliotupwa

Mkaguzi aliijenga programu mara mbili mbele yao, kwanza ikiwa na mstari wa 212, kisha bila mstari huo. Akalinganisha faili mbili zilizotoka. Hazikutofautiana hata chembe.

"Basi ndiyo hivyo," alisema. "Uwepo usiwepo, ni yale yale. Kompaila mpya iliutupa."

Mkaza mwana alijua neno hilo linamwangukia yeye. Ni yeye aliyeleta kompaila mpya, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashine. Karakana ilikuwa ya baba mkwe wake, na programu ya pampu ya dawa aliiandika mzee mwenyewe miaka thelathini iliyopita. Mwezi uliopita pampu moja ilipitiliza kipimo hospitalini, mama wa watoto watatu akafa. Kati ya mzee na yeye, mmoja angefungwa.

Mkaguzi alieleza maana ya mstari: ukijumlisha dozi ukapata pungufu ya ulichoanza nacho, simamisha pampu. Kompaila ya zamani, alisema, ilitii neno kwa neno. Hii mpya ni mjuaji. Iliamua kwamba kujumlisha hakuwezi kupunguza, ingawa namba ikizidi nafasi yake kwenye mashine huanza upya kutoka chini, ikaufuta mstari bila hata kubisha hodi.

"Mzee, mstari huu uliuandika lini?"

"Siku ile ile ya kwanza. Sijaugusa tena mpaka leo."

"Na wewe, dada, hukuuona?"

"Sikumbuki, mheshimiwa. Ni mistari elfu sita."

Alichokumbuka ni siku ya kwanza ya kuijaribu kompaila mpya, na mzee alivyokuwa akiicheka. "Hii yenu inadekeza watu, mwanangu. Sisi majina ya namba zote tuliyataja juu kabisa, kabla ya kazi kuanza, kama viatu vinavyoachwa mlangoni. Ukithubutu kutaja jina jipya katikati, kompaila yetu inaigomea programu nzima!" Walicheka wote wawili siku hiyo. Alimpenda sana yule mzee.

Akaandika kwamba kosa ni lake, akatia sahihi.

Baba mkwe alimshika mkono, machozi yakimtiririka. "Pole, mwanangu. Wajukuu zangu usiwawazie, nitawalea mimi." Mkaza mwana akaona hata aibu kwa wema huo.

Alikuwa tayari kwenye gari la polisi, mlango umefungwa kwa nje, alipoifunua nakala ya ushahidi aliyopewa. Hapo ndipo alipouona mstari wa 212 kwa macho yake kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa amesimama kwenye ngazi za karakana, akimpungia mkono.

Ulikuwa mstari mfupi, umeandikwa vizuri. Ulianza kwa kutaja jina jipya la namba, palepale, katikati ya kazi, jambo ambalo kompaila ya zamani ingeligomea tangu siku ya kwanza.